Chuo na Shule: Habari za Kuunganishwa kwa Elimu ya Dini na Elimu ya Dunia

Itumba ni mji mdogo, makao makuu ya Wilaya ya Ileje, katika Mkoa wa Songwe uliokatwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Ng'ambo ya Mto Songwe ni Malawi. Wenyeji wa nchi hiyo ni Wandali, Walambya na Wamalila, na dini ya kitabu iliyotangulia kuenea pande hizo ni Ukristo, maana wamisionari wa Kimoravian na wa Chama cha Berlin waliweka vituo vyao kaskazini ya Ziwa Nyasa tangu mwaka 1891. Mtu akisikia habari za shule ya msingi ya Kiislamu mahali kama hapo, ambamo mtoto hufundishwa hesabu na sayansi, na katika majengo yale yale akasomeshwa Kurani, yamkini atadhani kwamba ni jambo geni lililozuka juzi. Kwa hakika wazo hilo ni la kale kuliko mipaka ya Tanganyika ya Waingereza. Lilizaliwa pwani, likapita mikononi mwa magavana, makadhi na makarani, likakataliwa mara moja, likakubaliwa nusu mara nyingine, na hata leo halijakamilika.

Habari zake zimekwisha kuelezwa na wanahistoria, na aghalabu wamezieleza kuwa ni habari za siasa na za ruzuku. Hapa zitatazamwa kwa upande wa lugha, kwa sababu maneno ambayo Waswahili huyatumia kwa mambo ya masomo yamehifadhi ndani yake ushahidi ambao majalada ya Serikali hayakuuandika.

Neno la kwanza ni chuo. Msomaji wa tenzi za kale anajua kwamba vyuo ni vitabu, na ndivyo alivyolieleza neno hilo Krapf katika kamusi yake iliyotolewa mwaka 1882. Kutoka kwenye kitabu neno likahamia mahali kinaposomwa kitabu, na kwa kuwa kitabu kilichosomwa kwanza na kila mtoto kilikuwa Kurani, chuo kikawa ni mahali pa kusomea Kurani. Mtoto akitiwa chuoni alianza kwa majina ya herufi, kisha akafundishwa irabu zinazowekwa juu na chini ya herufi hizo, kisha akaingia juzuu ya Amma yenye sura fupi, na akaendelea mpaka alipohitimu, yaani mpaka alipoimaliza Kurani yote. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa sehemu za Bagamoyo, ameyaeleza haya vizuri katika habari zake za desturi za Waswahili zilizochapishwa na Velten mwaka 1903: namna mzazi anavyompeleka mtoto kwa mwalimu, na ada anazopewa mwalimu kwa kadiri mtoto anavyopanda.

Wageni wengi waliokitazama chuo walikilaumu kwa jambo moja, nalo ni kwamba mtoto alifundishwa kutamka maneno ya lugha asiyoifahamu. Lawama hiyo ina ukweli, na wanavyuoni wenyewe waliisema kabla ya Wazungu na baada yao. Lakini walaumu hawakuangalia kilichofuata. Mtoto aliyezijua herufi za Kiarabu aliweza kuandika kwa herufi hizo lugha yake mwenyewe. Barua za biashara, hati za deni, wasia, mashairi na tenzi, yote yaliandikwa kwa Kiswahili na watu ambao hawakupata masomo mengine ila ya chuoni. Mwaka 1892 Büttner, aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin, alitoa kitabu kizima cha maandiko ya namna hiyo, nacho kikawa cha kuwafundisha maofisa wa Kidachi kusoma barua watakazopelekewa. Basi ni kosa kusema kwamba chuo kilikuwa cha dini tu. Mwalimu hakufundisha hesabu, hilo ni kweli, lakini alitoa ufunguo, na kila mtu akafungulia mlango alioutaka. Kuigawa elimu mafungu mawili, la dini na la dunia, kila moja na jengo lake na mwalimu wake na herufi zake, ni jambo lililokuja na afisi.

Wadachi walipokwisha kuishika pwani baada ya vita vya mwaka 1888 na 1889, walihitaji makarani, wakalimani na maakida. Wakafungua shule ya Serikali Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, na lugha ya kufundishia ikawa Kiswahili. Gavana von Soden aliona kwamba watu wa pwani hawatawapa watoto wao kwa shule isiyokuwa na Kurani, akapendekeza mwalimu wa Kiislamu aingie shuleni na alipwe na Serikali. Pendekezo hilo liliwaudhi sana wamisionari na wafuasi wao Ujerumani, nalo likaanguka. Shule za Serikali zikawa hazina dini yoyote.

Inafaa kusimama hapa kidogo, kwa kuwa watu wengi hudhani kwamba Waislamu ndio waliozikataa shule tangu mwanzo, na kwamba baadaye walijuta. Mambo yalivyotokea hayakuwa mepesi hivyo. Shule ya kwanza ya Serikali katika nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika ilikaribia kuwa shule ya elimu mbili pamoja, na kilichozuia kilitokea Ujerumani. Hata bila ya Kurani, Waislamu walisoma Tanga, nao wakawa sehemu kubwa ya makarani wa Serikali ya Kidachi. Asubuhi mtoto alikwenda kwa Mdachi, na jioni akarudi kwa mwalimu wake barazani. Alisoma mara mbili kwa siku, na kila mara alishika kalamu kwa upande wake: huku akiandika kutoka kulia, kule kutoka kushoto.

Wakati huo ndipo lilipoingia neno shule, nalo ni la Kidachi. Halikufasiriwa kwa neno la Kiswahili lililokuwapo, ingawa lilikuwapo. Watu walihisi kwamba kitu hiki si chuo, wakakipa jina lake. Na gazeti la Kiongozi, lililopigwa chapa katika shule hiyo ya Tanga tangu mwaka 1904, lilikuwa la Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Kwa hiyo katika muda wa miaka michache lugha moja ilikuwa na wasomaji wa namna mbili, na wa namna moja hakuweza kusoma karatasi ya mwenzake. Karani kijana aliyesoma Kiongozi aliitwa msomi. Mzee aliyeandika utenzi wa beti mia kwa mkono wake hakuweza kujaza karatasi ya kodi, na mbele ya afisi akawa hajui kusoma.

Unguja habari zilikwenda kwa njia nyingine. Huko Idara ya Elimu iliundwa mwaka 1907, chini ya Sayyid Ali bin Hamud, aliyekuwa amesomeshwa Harrow, Uingereza. Neno lililopokewa huko ni skuli, la Kiingereza, na mpaka leo Mzanzibari anaposema skuli na mtu wa bara anaposema shule, kila mmoja anamtaja mtawala wake wa kwanza pasipo kujua. Wazazi wa Unguja na Pemba waliziangalia skuli kwa shaka, hasa mashamba, na kwa muda mrefu viti vilikaa vitupu. Waingereza nao, ambao hawakuwa na wamisionari wengi wa kuwaogopa visiwani kama walivyokuwa nao Wadachi bara, wakafanya lile ambalo von Soden alikatazwa: Kurani na dini ziliingizwa katika ratiba za skuli za Serikali, na kufikia miaka ya 1940 hata skuli za vijijini zilikuwa na vipindi hivyo. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyezaliwa mwaka 1912, ni tunda la mpango huo. Alikuwa mwanachuoni wa kukaa mbele ya masheikh, na pia alikuwa mwalimu wa skuli za Serikali. Na tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1969, imeandikwa kwa herufi za Kirumi, kwa Kiswahili ambacho mtoto wa skuli anakifahamu bila taabu.

Hata hivyo ni lazima kusema kwamba mpango wa Unguja ulikuwa ni wa kupatana. Serikali ilitaka watoto, wazazi walitaka Kurani, kila upande ukatoa kidogo. Aliyelifikiri jambo lenyewe mpaka mizizini alikuwa mtu wa Mombasa.

Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa mwaka 1891, akasoma Mombasa na Unguja, na miongoni mwa walimu wake alikuwamo Sayyid Ahmad bin Sumait. Alikuwa msomaji wa gazeti la al-Manar la Cairo, na fikira za Muhammad Abduh na Rashid Rida zilimwingia sana. Mwaka 1930 alianzisha karatasi ya habari iliyoitwa Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha nyingine, al-Islah. Baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mpaka alipofariki mwaka 1947. Maneno yake kwa Waislamu wa pwani yalikuwa makali. Aliwaambia kwamba wamelala hali wenzao wameamka, na kwamba Uislamu haukumkataza mtu kujifunza ufundi, hesabu wala lugha za watu wengine. Aliwaonya vilevile wale walioamka upande mmoja tu, wakaiga nguo na adabu za Kizungu, wakaacha dini na lugha yao. Madrasat al-Ghazali aliyoianzisha Mombasa katika miaka hiyo ya 1930 ilisimama juu ya fikira hiyo ya pande mbili.

Lililo na maana zaidi kwa mwenye kuchunguza lugha ni kwamba Sahifa iliandikwa kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu. Mwaka huo huo wa 1930 ndipo ilipoundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki, ambayo kazi yake ilikuwa kukisanifisha Kiswahili cha Unguja kwa herufi za Kirumi. Sheikh al-Amin alishughulika hata na namna ya kuziongezea herufi za Kiarabu alama za kutosha kwa sauti za Kiswahili, kama vile p, ch, ng' na v, ambazo Kiarabu hakina. Mara nyingi jambo hili hupitwa kwa haraka, kama kwamba ni ushabiki wa mzee mmoja kwa hati ya babu zake. Haifai kulipita. Yeye aliona kwamba mtoto anayetoka chuoni tayari anazo herufi, na kwamba elimu mpya inaweza kumfikia kwa herufi hizo hizo, bila ya kumfanya aanze upya katika nyumba ya mtu mwingine. Kwake kuunganisha elimu mbili hakukuwa kupanga vipindi tu. Kulikuwa ni kufanya usomaji uwe mmoja. Katika jambo hili alishindwa, na waliomshinda hawakumjibu, maana hawakuwa na haja: vitabu vya shule, mitihani na kazi za afisi vilikuwa upande wao. Maandiko yake yenyewe yaliyokusanywa kwa jina la Uwongozi yanasomwa leo kwa herufi za Kirumi.

Tanganyika, kazi hiyo ilishikwa na watu wa mjini waliokuwa na mshahara. Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1933, na miongoni mwa waanzilishi alikuwamo Kleist Sykes, aliyekuwa pia katika kuanzisha African Association mwaka 1929. Katika muongo huo huo chama kilijenga shule yake, ambamo watoto walisoma Kurani pamoja na masomo ya shule za Serikali. Watu hawa walikuwa na sababu nzito. Sheria ya elimu ya mwaka 1927 ilitoa ruzuku kwa shule zilizofuata masharti ya Serikali, na misheni zilikuwa na walimu na majengo ya kuyatimiza. Chuo cha Kurani hakikuhesabiwa kuwa shule. Kwa hiyo mzazi wa Kiislamu katika sehemu nyingi za bara alikuwa na njia mbili: ampeleke mtoto misheni, ambako huenda akabatizwa, au amwache chuoni, ambako hatapata kazi. Tofauti ya idadi ya wasomi iliyoonekana wakati wa Uhuru mwaka 1961, ambayo imezusha maneno mengi na baadhi yao machungu, ilianzia katika uchaguzi huo wa nyumbani.

Mwaka 1945 Aga Khan wa tatu alianzisha East African Muslim Welfare Society, yenye makao yake Mombasa, nayo ikasaidia kujenga misikiti na shule katika nchi zote za Afrika ya Mashariki. Huko Tanzania chama hicho kilipigwa marufuku mwaka 1968, na BAKWATA ikaundwa. Mara baada ya hapo ikaja sheria ya elimu ya mwaka 1969, na shule za mashirika zikachukuliwa na Serikali, za Kiislamu na za Kikristo pamoja. Dini ikabaki kuwa kipindi katika ratiba, kila kundi na mwalimu wake. Zilizoachwa ni seminari, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuwatayarisha viongozi wa dini. Hapa lugha ilifanya jambo la kuchekesha kidogo: shule za sekondari za Kiislamu zilizoanzishwa baadaye, ambazo zilitaka kufundisha dini pamoja na masomo ya Serikali, nyingi zilichukua jina la seminari. Neno la Kilatini lililokuja na Kanisa Katoliki likasimama mlangoni mwa nyumba inayofundisha fikihi.

Jambo hilo lisimshangaze mtu, kwa sababu safari ya kinyume ilikuwa imekwisha kutokea, na ni kubwa zaidi. Shule ilipohitaji maneno ya kujielezea, iliyachukua chuoni. Darasa lilikuwa ni somo linalotolewa na sheikh msikitini, leo ni chumba chenye madawati. Kuhitimu kulikuwa kuimaliza Kurani, leo mtu huhitimu uhandisi. Shahada ni tamko la imani la Mwislamu, na ni karatasi anayopewa mwanafunzi wa chuo kikuu, awe wa dini yoyote. Irabu, ambazo zilikuwa alama za kumsaidia mtoto asikosee matamshi ya Kurani, zimekuwa istilahi ya isimu, na hufundishwa Itumba na Bukoba kwa watoto ambao wazazi wao hawakupata kuiona juzuu. Sarufi na nahau ni vivyo hivyo. Na chuo chenyewe kimepanda cheo: taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili ilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1964 iliitwa Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili, na kilicho juu ya vyote kikaitwa Chuo Kikuu. Maneno yaliunganisha elimu mbili kabla ya watu kukubaliana.

Kilichobaki nje ya muungano huo ni kile kile alichokipigania Sheikh al-Amin. J. W. T. Allen alitembea pwani kukusanya maandiko ya Kiswahili na Kiarabu, na mwaka 1970 ikatoka orodha yake ya yaliyowekwa katika maktaba ya Dar es Salaam. Hazina hiyo ingalipo. Lakini watoto wanaopitia shule za elimu mbili, ambao ni wengi kuliko wakati mwingine wowote, hawawezi kuisoma. Katika kipindi cha Kurani wanajifunza herufi za Kiarabu kwa ajili ya Kiarabu, na katika kipindi cha Kiswahili wanajifunza herufi za Kirumi kwa ajili ya Kiswahili. Hapana anayewaambia kwamba herufi za kipindi cha kwanza ziliandika lugha ya kipindi cha pili kwa karne kadhaa. Elimu hizi zimewekwa chini ya paa moja, lakini ukuta wa katikati haujavunjwa. Kazi ya kuuvunja ingehitaji masomo ya majuma machache tu kwa mtoto ambaye tayari anazijua herufi za pande zote mbili.

Wako waliojaribu kuanza mapema zaidi. Mombasa, mwaka 1986, Bi Swafiya Said alianza kazi ya madrasa za watoto wadogo kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, ambamo mtoto hucheza, huhesabu na hujifunza dini kabla ya kuingia darasa la kwanza. Mpango huo ukafika Unguja na Uganda katika miaka ya 1990. Katika madrasa hizo lugha ya mtoto na lugha ya mafunzo ni moja, na pengine ndiyo sababu mojawapo ya kufanikiwa kwake.

Bara, hali si nyepesi. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ni lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Serikali, lakini shule nyingi za watu binafsi, za Kiislamu pamoja na nyingine, hufundisha kwa Kiingereza, maana ndicho wanachokilipia wazazi. Matokeo yake ni kinyume cha yale ya mwaka 1900. Zamani kipindi cha dini ndicho kilichokuwa cha lugha ngeni, na masomo ya dunia yalikuwa kwa Kiswahili. Sasa hesabu na sayansi ni kwa Kiingereza, na mwalimu anapoeleza nguzo za Uislamu, sira ya Mtume au hukumu za udhu, hueleza kwa Kiswahili. Hata juu zaidi, katika Kidato cha Nne, ambapo karibu masomo yote hutahiniwa kwa Kiingereza, mtihani wa Elimu ya Dini ya Kiislamu hutungwa na hujibiwa kwa Kiswahili. Somo lililolaumiwa kwa kumzuia mtoto asifikiri kwa lugha yake limekuwa ni katika masomo machache yanayomruhusu kufanya hivyo.

Mtoto wa Kiislamu wa Itumba anayesoma katika shule ya namna hii husema Kindali au Kilambya kwa bibi yake, Kiswahili sokoni, huandika Kiingereza daftarini, na husoma Kiarabu kwa sauti. Akiwa mkubwa na akasema anakwenda chuo, nyumbani watafahamu kwamba amefaulu Kidato cha Sita, na wataanza kutafuta nauli. Mtoto wa Unguja akisema anakwenda chuoni, mama yake atamkumbusha asisahau juzuu yake.